Mbwa Mzee Anahema: Ni Joto, Ni Uzee, au Ni Moyo?

Usiku wa Julai mjini Arusha baridi inakufuata mpaka ndani ya blanketi. Ndiyo maana niliposikia Pilipili anahema barazani saa nane usiku nilishtuka. Mbwa akihema saa nane mchana, mwezi wa pili, huna haja ya kuuliza. Akihema usiku wa baridi, hajakimbizana na paka wala hajambwekea mtu, amka uwashe taa ukamwangalie.

Nilimkuta amekaa kitako kwenye mkeka wake. Kila alipojaribu kulaza kifua alinyanyuka tena, kama mtu aliyelalia kitu chenye ncha. Miguu ya mbele ameitanua, viwiko viko mbali na mbavu, shingo ameinyosha. Mbavu zinakwenda, na tumbo nalo linasukuma. Babu, mlinzi wetu wa usiku, alimmulika kwa tochi akatikisa kichwa.

"Mama, huyu kazeeka tu. Miaka kumi na moja ya mbwa si mchezo."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Pilipili, chotara wa vile vijibwa vyeupe vya manyoya marefu, alikuwa ametimiza miaka 11, na kwa mbwa hiyo ni miaka ya kustaafu. Ila maneno hayo, kazeeka tu, nimeyasikia mno kwa wafugaji wenzangu, na kila mara yanafunga mjadala uliopaswa kuanza. Uzee unampunguzia mbwa mbio, unamtia ukungu machoni, unampa mvi mdomoni. Kuhangaikia hewa akiwa amekaa tu ni kazi ya kitu kingine, na kitu hicho kina jina, na mara nyingi kina dawa.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo kwenye mazungumzo ya kila siku tunayatia kapu moja. La kwanza ni kuhema kwenyewe: mdomo wazi, ulimi nje, pumzi fupifupi za haraka. Hiyo ndiyo feni ya mbwa. Sisi tunatoka jasho mwili mzima. Yeye ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, ambazo hazimpoozi kiasi cha maana. Anachofanya ni kupitisha hewa juu ya ulimi uliolowa, unyevu unakauka na kuondoka na joto. Kwa kawaida mwili wake una nyuzijoto 38 hadi 39, juu kidogo ya wetu, kwa hiyo usidanganywe na masikio ya moto unapomshika. Mbwa huhema pia kwa furaha, kwa kuogopa radi na fataki, na kwa maumivu. Sababu ikiisha, naye anatulia.

La pili ni kupumua haraka akiwa amepumzika. Mdomo unaweza kuwa umefungwa kabisa, mbwa amelala ubavu, lakini mbavu zinapanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Hili hupita bila kuonekana kwa sababu halina kelele. La tatu ni kupumua kwa shida, na ndiyo hali niliyomkuta nayo Pilipili: viwiko vimetanuliwa, shingo imenyoshwa, tumbo linasaidia kuvuta, kulala hataki. Mbwa wa namna hii humwekei miadi ya Jumatatu. Anapelekwa usiku huohuo, na njiani hakuna kumkumbatia kwa nguvu wala kumlazimisha alale.

Sasa, ikiwa shida inaonekana kwenye pumzi, moyo unaingiaje?

Moyo wa mbwa, kama wetu, ni pampu mbili zilizojengwa kwa ukuta mmoja. Ya kulia inapokea damu inayorudi kutoka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu. Ya kushoto inaipokea damu hiyo ikitoka mapafuni, sasa imebeba oksijeni, na kuisukuma mwili mzima. Kila pampu ina chumba cha juu cha kupokelea na chumba cha chini cha kusukumia. Katikati yake kuna vali, mlango unaofunguka kuelekea upande mmoja tu. Mlango wa pampu ya kushoto huitwa vali ya mitrali. Una vibawa viwili vyembamba, na vibawa hivyo vimefungwa nyuzi kwa chini ili presha isivipindue, kama mwavuli kwenye upepo.

Kwa mbwa wengi wadogo, miaka inavyokwenda vibawa hivyo vinanenepa na kujikunja kingo. Mlango unaanza kuvuja. Kila moyo unapobana, sehemu ya damu inarudi chumba cha juu badala ya kwenda mbele, na mrudio huo una sauti. Daktari mwenye stethoskopu, badala ya kusikia mapigo mawili makavu, tup-tap, anasikia mvumo katikati yake, kama maji yanayopenya kwenye mpira uliotoboka. Katika maradhi ya moyo yanayowapata mbwa ukubwani hili ndilo linaloongoza. Amerika ya Kaskazini linakadiriwa kuwa karibu robo tatu ya wagonjwa wote wa moyo. Linawapenda mbwa wa chini ya kilo 20: Poodle, Dachshund, Chihuahua, Maltese na machotara wao, na kuliko wote Cavalier King Charles Spaniel, ambaye huweza kuanza kuugua akiwa bado na umri mdogo.

Kusikika kwa mvumo hakumaanishi mbwa anakufa. Anaweza kuishi na mlango unaovuja miaka kadhaa, anakula, anafukuza kuku, hana dalili hata moja, maana chumba cha juu kinatanuka kupokea ile damu inayorudi. Ugonjwa huu ni mgumu kwa sababu hiyohiyo: moyo unajificha vizuri mno. Figo nazo zinajitosa kusaidia, kwa kukosea. Zinapoona damu inayozifikia haina msukumo wa kawaida, zinadhani mwili umetokwa na damu, kana kwamba mbwa ameumwa na fisi. Zinaanza kubana chumvi na maji visitoke kwenye mkojo. Kwa mnyama aliyejeruhiwa porini huo ni uokozi. Kwa mbwa mwenye vali inayovuja ni kuongeza maji kwenye ndoo iliyokwisha jaa.

Inafika siku chumba cha juu kimetanuka mpaka basi. Presha inarudi nyuma hadi kwenye mishipa ya mapafu, na majimaji ya damu yanaanza kuchujikia kwenye vifuko vya hewa. Ni kama sinki la jikoni lililoziba chini: bomba liko sawa, sinki lenyewe liko sawa, lakini maji yanapanda mpaka yanamwagika sakafuni. Mapafu ya Pilipili yalikuwa mazima. Yalikuwa yamefurika tu. Na alikataa kulala kwa sababu kifua kikibanwa na sakafu, ile nafasi ndogo ya hewa iliyobaki inapungua tena.

Mbwa wakubwa wana kisa kingine. Kwa Doberman, Great Dane na wenzao, kinachochakaa zaidi ni msuli wenyewe wa moyo: unakuwa mwembamba, moyo unatanuka na nguvu za kubana zinapungua. Doberman anaweza asioneshe lolote mpaka siku anapozirai, au anapokufa ghafla kwa sababu mapigo yamevurugika. Na pampu ya kulia ikishindwa, maji hujaa tumboni. Mwenye mbwa anafurahi kwamba mzee ananenepa, kumbe uti wa mgongo unazidi kuchomoza.

Kuna jambo huwachanganya watu hapa. Ule mshtuko wa moyo wa binadamu, wa mafuta kuziba mishipa inayolisha moyo, kwa mbwa ni nadra sana. Ukimnyima mbwa ngozi ya kuku kwa kuogopa kolesteroli, utakuwa umemwepusha na kitambi na maumivu ya tumbo, mambo mazuri yote, lakini vali yake haijui habari hizo.

Kipimo ninachokitegemea kuliko vyote ni cha bure. Subiri mbwa alale usingizi, mahali penye kivuli na hewa. Usimguse. Tazama ubavu wake: ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa nusu dakika kwa saa ya simu, kisha zidisha kwa mbili. Mbwa aliyelala hapaswi kuzidi pumzi 30 kwa dakika, na wengi walio wazima wako chini ya hapo kwa mbali. Ukipata 33 mara moja, acha saa moja ipite urudie. Zikizidi 30 mara mbili tatu mfululizo, mpigie daktari siku hiyohiyo. Zikifika 40 na mbwa amelala, usingoje kuche.

Namba hii ina uzito kwa sababu maji yakianza kuingia kwenye mapafu, mbwa huongeza idadi ya pumzi kabla hajaanza kuonekana anateseka. Ile saa nane usiku, Pilipili alipofunga mdomo kwa muda, nilihesabu pumzi 29 kwa nusu dakika. Pumzi 58 kwa dakika, kwa mbwa aliyekaa kwenye baridi. Kama ningekuwa ninahesabu tangu wiki iliyotangulia, naamini ningeiona namba inapanda.

Kuna mitego miwili. Mbwa anayeota, nyayo zinarukaruka na midomo inachezacheza, hupumua ovyo. Mwache amalize ndoto yake. Na ukiwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, mchana huwezi kupata namba ya kuaminika. Hesabu alfajiri, kabla jua halijaanza kazi.

Wengi wangetarajia nianze na kikohozi, maana ndicho kinachosikika. Kikohozi kinapotosha. Kijibwa kizee kinaweza kukohoa miaka mitatu kwa sababu koromeo lake la hewa limelegea na linajibana, sauti yake kama bata bukini anayeita, na mapafu hayana tone la maji. Kinaweza pia kukohoa kwa sababu moyo uliokua unagusa njia za hewa zilizochoka, bado bila maji. Na mbwa mwingine amefurika kabisa wala hakohoi. Mtu anayesubiri kikohozi ndipo ashtuke anaweza kuchelewa. Anayempa mbwa dawa za kutoa maji mwilini kwa sababu ya kikohozi peke yake anaweza kumkausha figo bure.

Asubuhi ile, tulipokuwa tunasubiri kliniki ifungue tena mlango wa chumba cha oksijeni, Babu aliyekuwa amenisindikiza alileta swali ambalo daktari mwenyewe alilisifu. Mbwa wake kule kijijini, alisema, alihema hivihivi mwaka juzi, na alipona kwa sindano ya kupe. Kwa nini huyu naye asichomwe ile?

"Babu, ulimwangalia fizi?" daktari akamuuliza.

Akamfunua Pilipili mdomo wa juu. Fizi zilikuwa na rangi ya waridi iliyopooza inayoelekea kijivu. Akabonyeza kwa kidole, pakawa peupe, rangi ikarudi polepole. Kwa mbwa mzima, alieleza, rangi hurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Mbwa wa Babu huenda alikuwa na fizi nyeupe kama karatasi, maana vijidudu vya homa ya kupe, babesia, hupasua chembe nyekundu za damu, na mwili usio na chembe za kubebea oksijeni hupumua haraka hata kama moyo na mapafu havina neno. Pumzi zinafanana, chanzo ni tofauti kabisa, na dawa ya mmoja haimfai mwenzake. Fizi za buluu au zambarau maana yake oksijeni imekwisha. Hapo hata swali usiulize, kimbia. Mbwa wetu wengi wana fizi nyeusi kwa asili. Kwa hao vuta chini kope ya jicho utazame nyama ya ndani.

Fizi nyeupe kwa ghafla kwa German Shepherd mzee, na hao wamejaa kwenye mageti yetu, zinamtia daktari wasiwasi mwingine: uvimbe wa saratani kwenye wengu, unaopasuka na kumwaga damu tumboni. Mbwa alikuwa mzima asubuhi, mchana amelala chini anahema, jioni amesimama tena kana kwamba hakuna kitu, maana damu imeganda kwa muda. Saratani hiyohiyo huweza kuota kwenye moyo na kujaza damu ndani ya mfuko unaouzunguka. Moyo unabanwa kama ngumi ndani ya chupa. Hapo dawa za kutoa maji mwilini huzidisha hatari. Kinachotakiwa ni sindano ndefu ya kunyonya ile damu. Kwa hiyo yule jirani anayekuambia alibakiza vidonge vya mbwa wake wa moyo na anaweza kukupa viwili, mshukuru, uvirudishe.

Washukiwa wengine nitawapitia haraka. Labrador mzee anayepumua kwa sauti ya msumeno, na mbweko wake umekuwa wa kukwaruza, huenda mlango wa koo umepooza. Joto linaweza kumuua kwa saa moja. Mbwa anayehema usiku kucha, anakunywa maji kama ngamia, tumbo limening'inia na manyoya yanapungua, apimwe tezi za juu ya figo. Dalili karibu zizo hizo huzipata mbwa anayepewa predinisoloni kwa ajili ya mwasho wa ngozi, kwa hiyo mtajie daktari kila kidonge anachomeza. Baridi yabisi ya nyonga inamhemesha mbwa kwa maumivu. Unene unamhemesha kwa mzigo.

Minyoo nayo imo. Mmoja huletwa na mbu, anakaa kwenye mishipa mikubwa ya mapafu na kuupa upande wa kulia wa moyo kazi ya punda. Wataalamu humwita Dirofilaria immitis. Mwingine, Spirocerca lupi, mbwa humpata kwa kula wale wadudu wanaofingirisha mavi, au kwa kula mjusi au kuku aliyewala. Mnyoo huyu husafiri ndani ya ukuta wa mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, anauharibu, kisha anajenga uvimbe kwenye umio. Huku kwetu si mgeni; watafiti walimwandika kwa mbwa wa Kenya tangu miaka ya 1970. Mbwa mzee anayetapika chakula kizima na kupungua mwili, huku pumzi haziko sawa, huyo mdudu akumbukwe.

Ukifika kwa daktari utaona hatua kadhaa, na ni vizuri ujue kila moja inajibu swali gani. Stethoskopu inajibu kama kuna mvumo. Mivumo hupangwa madaraja sita, na ya tano na ya sita unaweza kuihisi kwa kiganja kifuani, kama simu inayotetema. Stethoskopu inasikiliza pia mdundo. Hapa mbwa wana ajabu yao: moyo wa mbwa mzima aliyetulia haupigi sawasawa kama saa. Unaongeza kasi akivuta pumzi, unapunguza akiitoa, na kutokuwa sawasawa huko ni dalili nzuri. Moyo unaposhindwa, mdundo huwa wa haraka na wa kunyooka. Kwa hiyo ukiweka kiganja nyuma ya kiwiko cha kushoto ukahisi mapigo yanacheza pamoja na pumzi, usiogope.

Eksirei inajibu kama kuna maji mapafuni na kama moyo umekua. Tangu mwaka 1995 madaktari hupima moyo wa mbwa kwa kuulinganisha na pingili za uti wa mgongo wake mwenyewe kwenye picha hiyohiyo, njia nzuri kwa sababu Chihuahua na Boerboel hawawezi kupimwa kwa sentimita zilezile; ukizidi pingili 10 na nusu, kwa mbwa wengi hiyo ni ishara ya moyo kukua. Ultrasaundi inaonesha vali yenyewe ikivuja. Kipimo cha umeme wa moyo kinafuatilia mdundo uliovurugika, na kina historia ya kufurahisha. Mwaka 1909 huko London mwanafiziolojia Augustus Waller aliwaonesha wageni wa Royal Society, chama cha wanasayansi, kipimo hicho akimtumia mbwa wake, bulldog aitwaye Jimmy, aliyesimama miguu yake ikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Habari zikafika bungeni, mbunge mmoja akitaka kujua kama huo si ukatili. Waziri akajibu kwamba maji yalikuwa na chumvi kidogo tu, na mbwa hakuumia.

Si kila mji wetu una ultrasaundi ya wanyama, na hilo lisikukatishe tamaa. Kwa mbwa aliyefika anatapatapa, daktari mzuri haanzi na picha. Anampa oksijeni, anamchoma furosemidi, dawa ya kutoa maji, anamwacha atulie, kisha picha zinafuata. Kumlaza chali kwa nguvu ili apigwe eksirei mbwa ambaye hawezi kupumua kunaweza kummaliza mezani. Pilipili alichomwa akiwa amesimama. Baada ya saa moja alikojoa dimbwi la kutisha kwenye sakafu ya kliniki, na daktari akashangilia kuliko mimi.

Mwaka 2009 mabingwa wa tiba ya wanyama wa Marekani waliupanga ugonjwa huu wa vali kwa herufi, wakaurekebisha mpango mwaka 2019. A ni mbwa wa kizazi chenye hatari, bado mzima. B ana mvumo, dalili hana. B1 moyo haujakua, B2 umekua. C amekwisha kufurika angalau mara moja. D anafurika tena na tena licha ya dawa. Pilipili aliingia kliniki akiwa C. Inaniuma kwamba mvumo wake ulisikika miaka miwili nyuma, siku ya chanjo, mimi nikaitikia kwa kichwa nikarudi nyumbani. Sikuuliza kama moyo umekua. Na swali hilo lina faida: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wenye mbwa 360, ulionesha kwamba mbwa wa B2 wanaopewa pimobendani, dawa ya kuupa moyo nguvu, kabla ya dalili hupata takribani miezi 15 zaidi kabla moyo haujashindwa. Kwa mbwa wa B1, ambaye moyo haujakua, hakuna sababu ya kumpa kidonge chochote. Huyo ni wa kupimwa tena kila mwaka.

Dawa za mbwa wa C zinaeleweka ukikumbuka lile sinki. Furosemidi, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Lasix, inachota maji yaliyofurika na kuyatoa kwa mkojo. Pimobendani inaupa moyo nguvu ya kubana na kulegeza mishipa ya damu ili njia iwe nyepesi. Hupewa mara mbili kwa siku, tumbo likiwa tupu, kama saa moja kabla ya kula. Enalaprili au benazeprili pamoja na spironolaktoni zinazituliza zile figo zilizopandwa na hofu. Pimobendani ndiyo iliyonisumbua: si kila duka la dawa za mifugo linayo, nililazimika kuagiza, na nilijifunza kuagiza chupa nyingine wakati ya kwanza imefika nusu.

Mbwa wa furosemidi anakunywa sana na kukojoa sana. Usimwondolee bakuli la maji ili kuokoa zulia. Damu yake ipimwe figo na potasiamu kila daktari anaposema. Na zile dawa za maumivu za kabatini, diklofenaki, ibuprofeni, mbwa yeyote asipewe, huyu wa moyo ndiyo kabisa. Pamoja na vidonge vyake zinaweza kuziangusha figo kwa siku chache.

Kwenye chakula shida yetu ni chumvi. Ugali na wali wenyewe havina neno. Neno liko kwenye mchuzi wa jana wenye vidonge vya supu, dagaa waliokaushwa kwa chumvi, soseji. Nilimchemshia Pilipili nyama bila chumvi pembeni, ugali nikauchanganya humo. Lakini mbwa wa moyo anayekataa kula hukonda misuli haraka, na kukonda kunamwangusha kuliko chumvi kidogo. Siku aliyosusa kila kitu akataka kipande cha samaki wa kukaanga, alikipata.

Upasuaji wa kuirekebisha vali upo. Daktari Masami Uechi wa Yokohama, Japani, amejulikana duniani kwa kuufanya, moyo ukisimamishwa na damu ikizungushwa na mashine. Gharama yake ni maelfu mengi ya dola. Nimeutaja ili ujue vali inaweza kutengenezwa, si kwa sababu mimi niliwahi kuufikiria.

Kwa wengi wetu safari inakwenda kwa vidonge, na ina mwisho. Dozi inapanda, namba inapanda nayo. Mbwa anapofurika wiki hadi wiki, hataki kula, hawezi kulala, muulize daktari wazi kuhusu kumlaza kwa sindano. Ni dawa ya usingizi iliyozidishwa, mbwa anasinzia kwanza. Naandika hivi kwa sababu najua watu ambao, kwa kukosa kuuliza, waliishia kwenye nyama yenye sumu au bunduki ya mtu wa halmashauri, kwa mbwa aliyewalindia nyumba miaka 12.

Pilipili aliishi miezi 13 baada ya usiku ule. Daftari lake bado liko juu ya friji. Mchana nilihesabu mimi, usiku alihesabu Babu, ambaye mwandiko wake ni mkubwa na namba zake zimeinamia kushoto: 22, 24, 21, 26. Kuna usiku ambao hakuandika namba. Ameandika neno moja tu, anaota.